Kutoka Kivu hadi Inga: elimu ya kuyasoma maji yaendayo kasi

Maji ya Ziwa Kivu yana njia moja tu ya kutokea, nayo iko hapa kwetu Bukavu. Vijito vingi huingia ziwani kutoka milima ya Kongo na ya Rwanda, na mvua nyingi hunyesha juu yake, lakini yote yanayotoka hupitia Mto Ruzizi, ambao huanzia pembe ya kusini ya ziwa na kupita chini ya daraja la mpakani, mbele ya macho ya wachuuzi na madereva wanaovuka kila asubuhi. Kuanzia hapo mto husafiri kilomita 117 hivi hadi Ziwa Tanganyika, na katika safari hiyo hushuka kutoka kimo cha takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari hadi mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko katika kilomita 40 za kwanza, kabla mto haujafika Kamanyola na kutulia katika uwanda wa Ruzizi. Mtu anayependa kuendesha kayaki, yaani mtumbwi mwembamba na mwepesi, katika maji yaendayo kasi akisikia hesabu hiyo hahitaji kuelezwa jambo jingine: mto unaoshuka mamia ya mita katika umbali mfupi kiasi hicho, huku ukilishwa na ziwa lisilokauka, una kila kitu anachokitafuta.

Sababu ya mteremko huo ni historia ya ardhi yenyewe. Zamani sana Kivu haikumwaga maji yake kusini. Maji yalikwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Mto Nili, hadi volkeno za Virunga zilipoota na kuifunga njia hiyo kwa lava. Ziwa likajaa kama karai lililozibwa, likapanda mwaka baada ya mwaka, mpaka likapata mahali pa chini pa kufurikia upande wa kusini, na hapo ndipo Ruzizi tunayoijua ilipozaliwa. Kwa hiyo huu ni mto kijana. Mito mizee imekwisha kulainisha njia yake kwa muda mrefu, lakini Ruzizi bado inachimba korongo lake katika miamba migumu, na kila mahali ambapo mwamba umekataa kuchimbika, maji huruka, hupinda au huanguka. Hiyo ndiyo sababu ya maporomoko yake, na ndiyo sababu korongo lake ni jembamba kiasi kwamba mtu aliye juu ya barabara ya Ngomo husikia ngurumo kabla ya kuona maji.

Nimeamua kuandika juu ya mto huu na juu ya mchezo wa kayaki kwa sababu kila habari ninayoisoma kuhusu maji ya kasi ya nchi yetu inasimulia wageni. Wanakuja na vyombo vyao vya rangi, wanafanya mambo ya kishujaa kweli kweli, na wenyeji wanaonekana ukingoni wakitazama. Mimi naamini picha hiyo haijakamilika. Elimu ya kuyasoma maji yanayokimbia ni ya zamani katika nchi hii, ilikuwa mikononi mwa watu wetu kabla ya kayaki ya kwanza ya plastiki kutengenezwa, na vijana wa Kivu wanayo haki ya kuirithi, kuiongezea ufundi wa kisasa na kuitumia.

Mimi nimekua ziwani. Kama watoto wengi wa upande wa Nguba nilijifunza kuogelea kwa kuwafuata wakubwa, na kafi niliishika kwanza katika mtumbwi wa mti wa wavuvi. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Kivu, ni watu wa kuheshimiwa sana katika jambo hili. Huunganisha vyombo vitatu kwa miti mirefu, hutandika wavu katikati, huondoka jioni na taa zao, na sauti zao za kuimba kwa pamoja, ambazo ndizo zinazopanga mapigo ya makafi, husikika hadi milimani. Mzee mmoja wa kisiwa cha Idjwi ndiye aliyenifundisha kwamba nguvu ya kafi haitoki katika mkono. Hutoka kiunoni na mgongoni, na mkono ni kamba tu inayoipeleka nguvu majini. Miaka ilipopita nikapata nafasi ya kwenda Jinja, Uganda, mahali Nili inapotoka katika Ziwa Victoria, na huko nikafundishwa kayaki na vijana wa Kiganda na Kisoga ambao walikuwa wakiuchezea mto kwa urahisi wa kustaajabisha. Walimu wangu wa kwanza katika maji ya kasi, basi, walikuwa Waafrika waliozaliwa kando ya mto huohuo, na tangu siku hizo sijaweza kuamini kwamba mchezo huu ni wa watu wa mbali.

Wa mbali ni chombo chenyewe. Kayaki ilibuniwa na wawindaji wa Aktiki, watu wa Greenland na jirani zao, ambao waliijenga kwa mifupa na mbao zilizoletwa na bahari, kisha wakaifunika kwa ngozi za wanyama wa baharini. Katika maji yao ya barafu mtu aliyetoka chomboni alikuwa na dakika chache tu za kuishi, na ndiyo maana walibuni ufundi wa kujiinua tena kayaki inapopinduka bila kutoka ndani yake. Ufundi huo ndio msingi wa usalama wa kila mwendesha kayaki hadi leo. Anayepinduka hukaa ameinama, hulipeleka kafi lake kandoni hadi lifike juu ya maji, kisha huigeuza kayaki kwa nyonga zake, na kichwa hutoka majini mwisho kabisa. Jambo gumu ni hilo la mwisho, kwa kuwa mwili wa mtu aliye chini ya maji unataka kuinua kichwa kwanza, na kichwa kikiinuka mapema uzito wake huirudisha kayaki chini. Ziwa letu, lenye maji ya uvuguvugu na ghuba zilizotulia alfajiri, ni shule nzuri ya kujifunza hilo kuliko mto wowote.

Lakini kuinuka ni tiba, na kinga yake ni kusoma. Maji yanayokimbia husema wazi yanachokificha, mradi mtu ajue kuyaangalia. Pale ambapo mkondo unapita kati ya vizuizi viwili, uso wa maji huunda ulimi laini wenye ncha inayoelekea chini ya mto, na ulimi huo mara nyingi ndio njia salama. Ncha ikielekea juu ya mto, maana yake ni kwamba kuna jiwe lililofichika chini kidogo ya uso, na maji yanagawanyika kuliepuka. Nyuma ya jiwe kubwa linalochomoza, maji hujaza nafasi iliyo tupu kwa kurudi kinyume na mkondo, na hapo hupatikana mahali pa kupumzika katikati ya vurugu: mwendesha kayaki mwenye ujuzi haukimbii mto wote kwa pumzi moja, bali huruka kutoka nyuma ya jiwe moja hadi nyuma ya jingine, akisimama, akitazama mbele, akiamua. Mstari kati ya maji yanayoshuka na yale yanayopanda ni mkali kuliko unavyoonekana. Anayeuvuka bila kuinamisha chombo upande anaouelekea hupinduliwa papo hapo, kwa sababu maji mapya huukamata ubavu wa chombo na kuuvuta chini.

Kuna maji mengine yanayohitaji heshima ya pekee. Mto unapoanguka kutoka kwenye ngazi ya mwamba, maji ya juu yanaweza kujikunja na kurudi nyuma kuelekea anguko, yakizunguka mahali pamoja na kukishika kila kinachoelea, gogo au mtu. Ukitazama kutoka juu unaona mstari mweupe wa povu tu, na mstari huo ukinyooka kutoka ukingo hadi ukingo bila nafasi kandoni, hakuna wa kuingia humo. Kuta fupi zilizojengwa na binadamu kuvuka mto ndizo mbaya zaidi katika jambo hili, kwa kuwa maji huzianguka sawasawa upana mzima na hayamwachii aliyenaswa upenyo wowote. Kuna pia miti iliyoanguka: maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti, na mkondo humkandamiza hapo hapo. Tena kuna lile kosa la kawaida la mtu aliyeanguka majini, yaani kujaribu kusimama kwenye maji yanayomfika kiunoni. Mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo humwangusha kifudifudi naye hawezi kuinuka. Anayechukuliwa na maji alale chali, miguu ikitangulia na ikiwa juu, aelekee kandoni kidogo kidogo, na asisimame mpaka maji yawe haba kabisa.

Wataalamu wa mchezo huu huyagawa maji ya kasi katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni mkondo mwepesi wenye mawimbi madogo, la tatu linahitaji ufundi na maamuzi ya haraka, la tano ni la wachache waliokomaa, na la sita ni mpaka wa kinachowezekana. Daraja hilo halikai mahali pamoja mwaka mzima, kwani mto ukijaa mvua za Aprili au Novemba poromoko la daraja la tatu linaweza kuwa la tano, na lile lililotisha wakati wa kiangazi linaweza kufunikwa likapotea. Kwa hiyo kila anayeujua mchezo huu ana mazoea ambayo huyafuata bila aibu: anashuka chomboni, anatembea ukingoni, analitazama poromoko kutoka juu hadi chini, na akiona halifai anakibeba chombo begani na kulipita kwa miguu.

Mazoea hayo yanayo historia katika lugha yetu wenyewe. Mwaka 1877, Henry Morton Stanley alipokuwa akiteremka Mto Kongo, wengi wa watu waliobeba msafara wake walikuwa Waungwana wa Zanzibar, watu wa Kiswahili. Mshika usukani wa mashua yake, Lady Alice, alikuwa Uledi, kijana ambaye Stanley mwenyewe aliandika kwamba aliwaokoa wenzake majini mara nyingi. Tarehe 3 Juni 1877, katika maporomoko ya Massassa, chini ya mahali palipo Kinshasa leo, Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyebaki na Stanley, alikuwa ndani ya mtumbwi kwa sababu vidonda vya miguu vilimzuia kutembea ukingoni. Uledi alikwenda kulikagua poromoko na akarudi na jibu kwamba halipitiki. Pocock hakuridhika. Aliwahimiza mabaharia, akawatuhumu kuwa wanaogopa, na baada ya mabishano wakaingia. Pocock alizama pamoja na wengine wawili, na Uledi akaokoka.

Kisa hicho husimuliwa kama msiba wa Pocock, na kwa kweli alistahili kuombolezwa. Mimi nakisoma pia kama kisa cha Uledi, mtu aliyefanya kazi ile ile tunayofundishwa leo: alitazama, akapima, akatoa hukumu iliyo sahihi, kisha akashinikizwa kuivunja na watu wasioyajua maji vizuri kama yeye. Kila ninapoongoza kundi dogo la vijana kwenye ufuo na mmoja akaniambia kwamba mahali fulani hapamfai siku hiyo, simuulizi maswali mengi. Neno la aliyesema hapana linatosha kwa wote.

Elimu hii imehifadhiwa hai zaidi Kisangani, kwenye maporomoko ya Wagenia. Mto Kongo, ambao hapo juu huitwa Lualaba, unavuka maporomoko saba ya Boyoma katika umbali wa zaidi ya kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na kwenye lile la mwisho Wagenia wamesimika miti mikubwa katikati ya mkondo, wakaifunga kwa kamba za porini na kuning'iniza mitego mikubwa ya kusuka inayoukabili mto. Ili kuifikia mitego hiyo huendesha mitumbwi yao pembezoni mwa maji ambayo mgeni angeyakimbia. Hutumia maji yanayorudi nyuma ya miamba, huupanda mkondo kwa hatua, hulenga pembe ya mtumbwi ili mkondo wenyewe uwavushe ng'ambo. Mambo hayohayo niliyofundishwa Jinja kwa majina ya Kiingereza, wao huyafanya kila siku kwa ajili ya chakula cha nyumbani.

Chini ya Kinshasa mto huohuo unakuwa kitu kingine kabisa. Kati ya Pool Malebo na Matadi unashuka maporomoko mengi mfululizo, na ya Inga ndiyo makubwa kuliko yote, mahali ambapo wastani wa mita za ujazo 41,000 za maji hupita kila sekunde. Tarehe 6 Agosti 1985 Philippe de Dieuleveult, mtangazaji maarufu wa televisheni ya Ufaransa, na wenzake sita walipotea huko walipokuwa wakishuka kwa boti za kujazwa upepo, na maswali juu ya namna walivyokufa yameendelea kuulizwa miaka yote hiyo. Mwaka 2011 waendesha kayaki wanne, Steve Fisher wa Afrika Kusini, Ben Marr wa Kanada, na Rush Sturges na Tyler Bradt wa Marekani, walifaulu kushuka Inga. Walikuwa hodari kupindukia, lakini ninachokihusudu zaidi ni maandalizi yao: waliyakagua maporomoko kutoka angani kwa helikopta, wakachagua mistari yao kati ya mawimbi makubwa kama nyumba na mashimo ya maji yanayofunguka na kufunga, wakajua ni wapi wasiguse kabisa. Uledi alifanya hivyo kwa miguu juu ya mawe yaliyolowa.

Si kila hatari ya mto imo katika maji yenyewe. Maji ya Bukavu yakishafika Tanganyika, sehemu yake hutoka tena kwa Mto Lukuga, karibu na Kalemie, na kwenda kujiunga na Lualaba. Ni katika Lukuga ambapo Hendri Coetzee aliuawa na mamba tarehe 7 Desemba 2010, alipokuwa akiwaongoza Wamarekani wawili, Ben Stookesberry na Chris Korbulic. Coetzee alikuwa mtu wa Afrika Kusini aliyefanya makao yake Jinja, na mwaka 2004 aliongoza msafara uliofuata Nili Nyeupe kutoka chanzo chake Uganda hadi bahari ya Mediterania. Kama mtu mwenye uzoefu wa namna hiyo aliweza kuchukuliwa katika maji yaliyotulia, kati ya wenzake wawili waliokuwa karibu naye, basi asiwepo kijana wa kwetu anayedhani kwamba hatari huishia penye povu. Kivu haina mamba wala viboko, na hilo huwafanya watu wa Bukavu wajiamini kupita kiasi wanaposhuka Uvira. Ruzizi ya chini, kuanzia uwandani hadi mlangoni mwake upande wa Burundi, ina viboko na mamba, na mvuvi wa huko akikukataza kuingia majini mahali fulani, huo ndio mwisho wa mazungumzo. Kwa wenzetu wa Goma na Sake kuna jambo jingine tena: mazuku, yaani hewa nzito ya kaboni inayoweza kuua, ambayo hutoka ardhini na kujikusanya katika mabonde na mashimo ya karibu na ziwa. Usiivute kayaki yako ufuoni na kulala kwenye kishimo kwa sababu tu kina kivuli.

Narudi Ruzizi, kwani haiwezekani kuuzungumzia mto huu bila kuyazungumzia mabwawa yake. Ruzizi ya kwanza, hapa hapa mjini, ilianza kufua umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya pili, upande wa Mumosho, ilizinduliwa mwaka 1989 chini ya kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ya tatu imepangwa kwa miaka mingi na ingekuwa kubwa kuliko hizo mbili kwa jumla. Mimi siwezi kuyapinga mabwawa. Ninaishi katika mji ambao mama hupika usiku kwa mwanga wa simu, na hospitali huwasha jenereta katikati ya upasuaji. Mtu anayekwenda kucheza majini hana haki ya kuwaambia hao wasubiri. Ninachosema ni kwamba bwawa hubadilisha mto kwa namna ambayo mtu aliye ukingoni anapaswa kuijua. Kiasi cha maji chini ya bwawa hufuata mashine zinavyofunguliwa na kufungwa, hivyo jiwe ambalo akina mama wanafulia nguo asubuhi linaweza kufunikwa mchana bila tone la mvua kunyesha. Watu wa chini ya mto wanahitaji kutangaziwa saa hizo.

Jinja imepitia jambo hilo kwa uchungu. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilipokamilika mwaka 2012 lilizamisha maporomoko ya Bujagali, ambayo yalikuwa mahali pa ibada kwa Wasoga na chanzo cha kazi kwa vijana wengi waliokuwa wakiwashusha watalii. Walihamia chini ya bwawa jipya, na mwaka 2019 likaja la Isimba, megawati 183, likazamisha sehemu nyingine. Vijana wale bado wapo na bado wanafanya kazi katika kilichobaki, lakini nilisikia huzuni katika sauti zao walipokuwa wakinionyesha juu ya maji tulivu mahali ambapo zamani kulikuwa na wimbi fulani lenye jina. Kongo bado ina nafasi ya kuchagua. Wakati wahandisi wanapopima korongo la Ruzizi, ningependa mmoja wao apime pia ni sehemu gani inaweza kubaki mto.

Jambo linaloniudhi zaidi kuliko mabwawa ni chupa. Mvua ikinyesha Kadutu na Bagira, makorongo ya mji huzoa chupa za plastiki, mifuko, ndala na kila kilichotupwa, hukipeleka ziwani, na ziwa hukisukuma mahali pake pekee pa kutokea. Mbele ya bwawa la kwanza taka hizo huunda zulia pana ambalo watu wanaweza kulitembelea kwa macho tu, wala wasione maji chini yake. Wafanyakazi huziopoa kwa mikono na kwa mashine, na zikiziba njia ya maji mitambo husimama na mji huingia gizani. Yaani chupa tunayoitupa mchana ndiyo inayotuzimia taa usiku. Kwa mwendesha kayaki taka hizo zina ubaya wa ziada, kwa kuwa mifuko na nyuzi za nyavu kuukuu hunasa kwenye mawe na kwenye kafi, na mahali ambapo mkono unapaswa kuwa huru panakuwa na kamba usiyoiona.

Kisha kuna mpaka. Ruzizi ni mstari kati ya nchi na nchi, na chombo kidogo kinachoonekana katikati yake hakieleweki kama mchezo, bali kama swali la usalama. Hata katika miaka iliyokuwa na utulivu, kila aliyetaka kugusa maji yale alihitaji ruhusa za pande mbili. Tangu vita vilipoingia Bukavu mwezi Februari 2025 jambo hilo halifikiriki, na mimi sitamshawishi mtu yeyote aweke kayaki katika Ruzizi leo. Mito ya ndani kabisa ya jimbo letu, kama Ulindi na Elila, inayoshuka kutoka milimani kwenda Lualaba, ni mizuri kwa ramani na kwa masimulizi ya watu wa Mwenga na Shabunda, lakini njia za kuifikia zimejaa watu wenye silaha, na wanaoishi kandokando yake wana mahitaji makubwa kuliko yetu sisi.

Ziwa, hata hivyo, liko, na haja ya elimu ya maji iko mbele ya macho yetu. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya watu waliokuwa wakiisubiri ufuoni. Makumi ya watu walikufa umbali mfupi tu kutoka nchi kavu. Watu wa Kivu wamezungukwa na maji, wanasafiri juu yake, wanakula kutoka kwake, na bado wengi hawajui kuogelea wala hawajawahi kuvaa jaketi la kuokolea. Vyombo vingi havina majaketi ya kutosha, na pale yalipo mara nyingi yamefungwa kwa kamba kwenye dari. Kwangu mimi, kama kayaki ingewafundisha vijana mambo matatu tu, kuelea bila hofu, kulivaa jaketi na kulikaza kabla ya kuondoka, na kumrushia anayezama kamba badala ya kumrukia, basi ingekuwa imelipa gharama zake zote.

Gharama hizo si ndogo. Kayaki za plastiki hatuuziwi hapa. Chache tulizonazo zimetoka Jinja, zikiwa zimeshatumika, kwa njia ya Kampala na Kigali, na usafiri ulikaribia bei ya chombo chenyewe. Kafi lakini tumelipatia ufumbuzi. Fundi seremala mmoja wa Kadutu aliliangalia kafi la kigeni kwa utulivu, akaupima unene wa mpini na pembe ya mabapa yake mawili, akatuchongea mengine ya mbao nyepesi ambayo kwa mikono yangu ni bora kuliko lile la asili. Kamba za kurusha tunazishona wenyewe: mfuko wa turubai, kamba inayoelea ya mita 15 au 20 iliyopangwa ndani bila kusokotwa, na ncha moja ikibaki mkononi mwa mwokoaji. Watoto wanajifunza kuulenga mfuko huo begani mwa mwenzao anayeelea, si mbele yake wala nyuma, kwa sababu kamba ikianguka nyuma ya kichwa aliye majini haioni.

Mazoezi yetu huanza mapema asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka, katika ghuba isiyopitiwa na boti kubwa, na yanasimama mara moja ngurumo ya radi ikisikika upande wowote wa milima. Siku za mwanzo mtoto hagusi kafi; anaelea kwanza, kisha anajifunza kutoka ndani ya kayaki iliyopinduka huku mtu mzima amesimama karibu naye, na anapokuwa hana wasiwasi tena ndipo tunaanza kumfundisha kujiinua. Mzazi anayemleta mwanawe aje na nguo kavu za kumbadilisha na kitu cha moto cha kunywa. Na mzazi asiyejua kuogelea aingie naye, kwa kuwa majaketi ya ukubwa wake yapo.